Je, sindano ya maumivu iliuficha ugonjwa wa mdogo wangu?

"Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Jumanne saa moja jioni tumbo lilianza kumuuma katikati, pale kwenye kitovu. Hakutaka chakula, baadaye akatapika mara mbili. Saa nne usiku nikampeleka idara ya dharura. Walimpima presha na joto, wakachukua damu na mkojo, tena wakampima mimba ingawa alishawaambia hana. Saa sita usiku, kabla daktari hajasema ni ugonjwa gani, walimchoma sindano ya mofini kwenye mshipa. Akalala. Joto lilikuwa la kawaida, chembe nyeupe za damu 8,400, na kwenye ultrasaundi wakasema kidole tumbo 'hakikuonekana'. Saa tisa usiku wakaturuhusu: 'Akizidiwa mrudi.' Jumatano mchana maumivu yakahamia chini upande wa kulia, akawa anatembea ameinama. Tulirudi saa kumi jioni: joto 38.1, chembe nyeupe 15,000, na usiku huo huo akafanyiwa upasuaji. Tuliambiwa kidole tumbo kilikuwa kimeanza kutoboka. Sasa anaendelea vizuri, lakini mimi silali. Je, sindano ile iliuficha ugonjwa? Kwa nini hawakumpiga CT, ile picha ya mashine ya mionzi, usiku ule ule? Kulikuwa na haja gani ya kumpima mimba? Na nyumbani nifanye nini siku nyingine, maana tunaye mama wa miaka 71, moyo wake hudunda bila mpangilio, dawa ya kuzuia damu kuganda anaimeza akikumbuka, na siku hizi naye analalamika tumbo kila akimaliza kula, hata amepungua."

Ndugu yangu, pole kwa siku mbili hizo mlizopitia, na nashukuru kusikia mdogo wako anaendelea vizuri. Nitajibu yote uliyouliza, lakini nianze na lile linalokunyima usingizi. Sindano haikuuficha ugonjwa. Lipo jambo jingine katika usiku ule ambalo mimi ningelifanya tofauti, na nitakuambia ni lipi, ila mofini haina kosa hapo.

Ili nisikutake uniamini tu, nikueleze tumbo linavyouma. Viungo vya ndani vina hisia za ajabu kidogo. Utumbo ukikatwa kwa kisu hausikii. Ukivutwa, ukijaa au ukikosa damu, unauma sana. Mishipa ya fahamu inayobeba maumivu hayo ni michache, huingia kwenye uti wa mgongo kutoka pande zote mbili, tena huingia pale pale inapoingia mishipa ya ngozi ya sehemu nyingine ya mwili. Ubongo ukipokea taarifa hiyo haujui imetoka wapi hasa, basi unaipeleka katikati. Ndiyo maana mtu mwenye maumivu ya namna hii ukimwambia akuonyeshe panapouma, hapigi kidole mahali pamoja. Anazungusha kiganja chote juu ya tumbo. Taarifa za kidole tumbo huingia usawa mmoja na ngozi ya kitovu, kwa hiyo kidole tumbo kinapoanza kuziba na kuvimba, mtu analia na kitovu.

Ukuta wa tumbo kwa ndani umefunikwa na utando mwembamba. Huo una mishipa ya fahamu kama ya ngozi: mingi, ya upande mmoja, inayojua mahali kwa usahihi. Uvimbe wa kidole tumbo ukipenya hadi nje yake na kuugusa utando huo, ndipo mgonjwa anaposema, "Ni hapa," na kuweka kidole kimoja chini kulia. Watu husema maumivu yamehama. Ugonjwa haujatoka mahali pake hata kidogo; kilichobadilika ni mishipa ya fahamu inayoubeba. Kuanzia hapo kila mtikisiko unauma: kukohoa, kushuka ngazi, gari kupita kwenye shimo. Mdogo wako alitembea ameinama ili utando ule usivutwe.

Sasa rudi kwenye saa zako. Maumivu yalianza saa moja jioni, mkafika saa nne, akachomwa sindano saa sita. Yalikuwa bado yako kwenye kitovu. Daktari aliyemshika tumbo kabla ya sindano alilikuta tumbo linalouma kotekote na lisilouma mahali popote hasa, kwa sababu uvimbe ulikuwa haujafika ukutani. Hakukuwa na dalili ya kufichwa, kwani dalili yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Ipo njia ya kulipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alipendekeza pointi 10 za kukadiria uwezekano wa ugonjwa wa kidole tumbo, na bado tunazitumia. Maumivu kuhamia chini kulia yana pointi 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kuuma pakibonyezwa chini kulia 2, kuuma mkono unapoachia ghafla 1, joto kupanda 1, chembe nyeupe kuongezeka 2, na aina ya chembe hizo kubadilika 1. Kwa maelezo yako, usiku wa Jumanne mdogo wako alikuwa na pointi 2: hamu ya kula na kutapika. Wagonjwa wa pointi 4 kushuka kwa kawaida hawaendi kwenye upasuaji. Jumatano saa kumi jioni, ukijumlisha uliyoniandikia na yale ambayo bila shaka walimkuta nayo walipomshika tumbo, alikuwa na 8 au 9. Ni mtu yule yule na ugonjwa ule ule, na kati ya 2 na 9 zimepita saa kumi na tano au kumi na sita.

Hilo ndilo ningependa ulielewe kuliko yote kuhusu maumivu ya ghafla ya tumbo: kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni kumpima mgonjwa mara ya pili. Damu ya mwanzo huweza kuwa safi. Ultrasaundi ya mwanzo huweza isione kitu. Mkono ule ule ukirudi kwenye tumbo lile lile baada ya saa sita, nane au kumi na mbili, hukuta lililo jipya. Ndiyo maana hospitali nyingi humlaza mgonjwa asiyeeleweka na kumwangalia tu, jambo ambalo ndugu hulitafsiri kuwa ni uzembe: "Wamemweka tu hapo, hakuna wanachofanya." Kumwangalia ndiyo kazi yenyewe.

Nirudi kwenye sindano, kwa sababu hofu yako haikuzuka hewani. Sisi madaktari ndio tulioieneza. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wanafunzi wa udaktari walifundishwa wasimpe mgonjwa wa tumbo dawa kali ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji afike, wakihofia dalili zitapotea. Na mimi nilifundishwa hivyo na baadhi ya walimu wangu. Nikiwa daktari mdogo nilimwacha kijana mmoja akijikunja kitandani usiku kucha kwa kuitii kanuni hiyo, na mpasuaji alipofika hakuweza hata kumgusa, maana tumbo lote alikuwa amelikaza kwa maumivu. Hadi leo linaniuma kwamba sikumsaidia.

Baadaye jambo hilo lilichunguzwa ipasavyo. Katika majaribio ya tangu miaka ya 1990, wagonjwa wa maumivu ya ghafla ya tumbo walipewa kwa bahati nasibu ama mofini au dawa inayofanana nayo, ama maji ya chumvi yasiyo na dawa, kisha yakalinganishwa maamuzi ya matibabu. Waliopata dawa hawakukosewa zaidi ya wale waliopata maji. Sababu inaeleweka ukikumbuka zile njia mbili za maumivu. Dawa inatuliza uchungu wa jumla unaomfanya mtu akunjamane, lakini utando uliovimba ukibonyezwa bado unauma, na tena unauma mahali pake. Mgonjwa aliyetulia analegeza misuli ya tumbo, anajibu maswali, anakubali kushikwa, na daktari anapata kujua zaidi. Kwa hiyo muuguzi aliyemchoma mdogo wako sindano kabla ya ugonjwa kujulikana alimfanyia wema na alifuata utabibu wa sasa.

Hata hivyo, naomba uisome sentensi hii mara mbili: nafuu ya sindano isihesabiwe kuwa nafuu ya ugonjwa. Mofini iliyopita kwenye mshipa hutuliza kwa muda wa kama saa tatu hadi nne. Mdogo wako alichomwa saa sita na kuruhusiwa saa tisa, akiwa bado ndani ya dawa. Hapo ndipo mimi ningefanya tofauti. Ningemwacha mpaka dawa iishe, kama alfajiri saa kumi na moja hivi, nimshike tumbo tena, nimwambie aruke kwa mguu mmoja, nimuulize kama anatamani kula. Halafu ndipo niamue.

Pia nisingekuambia "akizidiwa mrudi." Maneno hayo yanasemwa kila siku kwenye idara za dharura, na nayaona hayatoshi. Kuzidiwa ni nini? Familia moja itarudi kwa kila kichefuchefu, nyingine itasubiri mpaka mtu azimie. Ningekuambia hivi: mrudisheni ndani ya saa 12, hata akionekana ana nafuu, tumshike tumbo upya, na msisubiri saa hizo ziishe iwapo maumivu yatashuka kulia, akishindwa kutembea wima, akipata homa, au akitapika asiweze kubakiza hata maji. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu au wanne wanaokuja dharura kwa tumbo huondoka bila jina la ugonjwa, na wengi wao hupona bila tatizo. Kuruhusiwa bila jina la ugonjwa kunakubalika kabisa. Kuruhusiwa bila saa ya kurudi na bila kuambiwa uangalie nini, hilo sikubaliani nalo. Wewe, bila kuelekezwa, uliona maumivu yamehama ukamrudisha siku ile ile. Usijilaumu hata kidogo. Ulifanya kazi ambayo ilipaswa kuandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mkononi.

Kuhusu ultrasaundi, neno "hakikuonekana" limewachanganya wengi kabla yako. Kidole tumbo ni kama mnyoo mdogo uliojificha nyuma ya utumbo wenye gesi, na gesi ni adui wa ultrasaundi. Kikionekana kimevimba, jibu lina uzito mkubwa. Kikionekana ni kizima, vilevile. Kisipoonekana, hujajibiwa lolote; umebaki pale ulipokuwa kabla ya kipimo. Chembe nyeupe za damu nazo ni hivyo hivyo. Mwanzoni zinaweza kuwa za kawaida, na zikipanda hazisemi ni nini kimezipandisha.

CT huona vizuri zaidi sana, na najua lilivyo jambo la kuumiza kusikia kwamba mashine ilikuwepo na haikutumika. Kwa mtu wa miaka 22 mwenye pointi 2, mimi pia nisingeitumia usiku ule. CT moja ya tumbo hubeba mionzi inayokaribia ile ambayo mtu huipata kutoka kwenye mazingira kwa takriban miaka mitatu. Kwa mtu mmoja hatari yake ni ndogo, lakini kijana ana miaka mingi mbele ya kuibeba, na tukimpiga CT kila kijana mwenye tumbo la saa tatu tutawapa mionzi mamia ambao wangepona kesho yake. Tena uvimbe ukiwa mchanga kabisa, hata CT inaweza kuukosa, na jibu safi la mapema huwapa watu usingizi ambao hawakustahili kuupata. Kama maumivu yangekuwa yameshashuka kulia, au kama pointi zingekuwa 5 au 6, pale ambapo haijulikani vizuri, hoja ingegeuka na ningekuwa upande wako.

Sasa kipimo cha mimba. Nimeona wazi kwamba kiliwaudhi, na huenda namna kilivyofanywa ndiyo iliyoudhi zaidi, kimya kimya, bila maelezo. Mlipaswa kuelezwa. Lakini kipimo chenyewe nakitetea kwa nguvu zote. Kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayekuja na tumbo linalouma hupimwa mimba, awe ameolewa au hajaolewa, awe amesema ndiyo au hapana, na hakuna anayetuhumiwa uongo. Sababu ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hutokea katika mimba 1 au 2 kati ya kila 100, mara nyingi ndani ya mrija, na mrija ukipasuka damu humwagika tumboni. Mwanamke anaweza kuwa hajui kabisa kwamba ana mimba. Damu kidogo inayotoka huidhania hedhi iliyochelewa. Na vijana wana miili inayoficha. Mishipa yao hujibana kuilinda presha, hivyo presha huweza kuonekana nzuri mpaka wawe wamepoteza karibu theluthi moja ya damu yao, kisha ikaporomoka ghafla. Mapigo ya moyo yaliyo juu, kizunguzungu akisimama, na maumivu kwenye ncha ya bega hasa akilala, hayo hutangulia. Bega huuma kwa sababu damu iliyotapakaa inakikera kiwambo kilicho juu ya ini, na kiwambo hicho hutumia mishipa ya fahamu inayotoka shingoni pamoja na ya bega. Ni ule ule uhuni wa kitovu na kidole tumbo.

Matone machache ya mkojo na dakika chache vinatosha kuiondoa hofu hiyo yote. Jibu hilo pia ndilo linaloamua dawa gani zinafaa na kama CT iruhusiwe. Nikiwa na msichana ambaye amekuja na ndugu zake, huwa naomba kuzungumza naye peke yake dakika mbili, na huwa nawaeleza ndugu mapema kwamba hivyo ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu.

Kwa kuwa unaweza kuwa na wavulana nyumbani, niongeze jambo moja ambalo husahaulika kwa aibu. Mvulana au kijana anayelalamika tumbo la chini ghafla, aulizwe na aangaliwe korodani. Korodani iliyojisokota hukata damu yake yenyewe, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya takriban saa 6. Wavulana wengi husema "tumbo" kwa sababu wanaona haya kusema kwingine.

Umeuliza ufanye nini nyumbani siku nyingine. Tazama saa kwanza, uiandike. Hakuna swali ninalouliza mara nyingi kuliko "yalianza saa ngapi, na yalianza vipi," kwa sababu maumivu yaliyompata mtu ghafla, kama swichi iliyowashwa, hunifikirisha kitu kilichopasuka, kilichojisokota au kilichoziba damu, na yale yaliyopanda pole pole hunifikirisha uvimbe. Kumbuka kipi kilitangulia. Maumivu yakianza na kutapika kukafuata, ugonjwa wa kuhitaji upasuaji unawezekana zaidi. Kutapika na kuharisha vikianza, kisha tumbo likasokota, mara nyingi ni maambukizi ya utumbo. Mwangalie alivyolala. Mwenye jiwe la figo hatulii, anagaagaa na kubadili mkao. Mwenye utando uliovimba analala kimya kama jiwe na hataki kitanda kiguswe. Mwenye utulivu huo ndiye anayenitisha.

Parasetamoli kwa kipimo chake mpe, usimnyime. Kwa mtu mzima ni miligramu 1,000 kwa mara moja, isizidi gramu 4 kwa siku nzima, na wenye uzito mdogo au ini bovu wapewe chini ya hapo. Mwambie daktari umempa nini na saa ngapi. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka tumbo lieleweke, kwa kuwa huchokoza vidonda vya tumbo na huweza kuzisumbua figo za mtu aliyepungukiwa maji. Chakula kisubiri, maana akihitaji upasuaji tumbo tupu ni usalama wake chini ya nusu kaputi. Mafunda madogo ya maji hayana ubaya mkiwa njiani. Na dawa ya kumfanya apate choo usimpe, wala usimwingizie maji kwa nyuma ukidhani amefunga choo. Kama utumbo umeziba, unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Mtu ambaye tumbo limejaa, anatapika, na tangu asubuhi hajapata choo wala hajajamba, huyo anahitaji hospitali. Mkague pia kinenani: ngiri iliyotoka ikagoma kurudi na ikawa inauma ni dharura, na ajabu ni mara ngapi hakuna mtu aliyefunua nguo kuitazama.

Usisubiri saa yoyote kwa tumbo gumu kama ubao, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kuzimia, jasho baridi, tumbo linalouma kwa mjamzito, au mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani. Hilo la mwisho liwekee alama. Kwa mtoto mchanga rangi ya kijani huhesabiwa utumbo uliojisokota mpaka ithibitishwe vingine, hata kama mtoto anaonekana mchangamfu.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi, kwa sababu katika barua yako yote, mdogo wako amekwisha vuka na aliyenipa wasiwasi ni yeye.

Yote niliyokuambia kuhusu kungoja na kurudia kupima nilikuwa namzungumzia kijana. Kwa mtu wa miaka 71 kanuni zinabadilika. Mwili uliozeeka hautoi kelele. Anaweza kuwa na kidole tumbo kilichotoboka bila homa, na chembe nyeupe za kawaida, na tumbo laini. Anaweza kusema "kumenivimba kidogo tu" ilhali moyo ndio unaokosa damu, ndiyo maana mzee mwenye maumivu ya juu ya tumbo hupimwa umeme wa moyo ndani ya dakika 10 za kufika. Anaweza kuja na kinachofanana na jiwe la figo la mara ya kwanza maishani, kumbe ni mshipa mkuu wa damu uliotanuka na unaovuja. Kwa umri huo CT siichelewi. Mionzi ya miaka mitatu si hoja tena.

Lakini mama ana jambo mahsusi. Moyo unaodunda bila mpangilio hauisukumi damu vizuri katika vyumba vyake vya juu. Damu ikitulia huganda, na kipande kikichomoka husafiri. Kikienda kichwani ni kiharusi, hilo watu wanalijua. Kikiingia mshipa wa utumbo, utumbo unaanza kufa ndani ya saa chache. Dalili yake huwapotosha hata madaktari: maumivu makali mno ya ghafla, na tumbo ukilishika ni laini, kana kwamba anatia chumvi. Mama akilia na tumbo kwa namna hiyo, hata saa nane usiku, mpelekeni saa hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza mlangoni iwe, "Moyo wake haudundi kwa mpangilio, na dawa ya kuzuia damu kuganda hajaimeza sawasawa."

Na hili la sasa, la kuuma kila akimaliza kula na kupungua mwili, msilipe muda. Huenda ni vidonda vya tumbo au mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kupungua kwake pia kunanilazimu nitake kuhakikisha hakuna saratani. Ila kwa mtu mwenye moyo kama wake lazima pia tuulize kama mishipa ya utumbo imekuwa myembamba. Utumbo unahitaji damu zaidi baada ya kula. Isipofika ya kutosha unauma, mara nyingi ndani ya saa moja baada ya mlo, na mtu huanza kukiogopa chakula. Muulize kwa upole: anakula kidogo kwa sababu hana hamu, au kwa sababu anaogopa maumivu? Jibu lake mpelekee daktari wake wa moyo pamoja naye wiki hii, si mwezi ujao, na chukueni mabunda yote ya dawa anazomeza, hata zile za viungo alizojinunulia mwenyewe. Msimwongezee kipimo cha ile ya kuzuia damu kuganda ili kufidia siku alizoruka. Mpigieni daktari leo mumwambie amekuwa akiiruka, awaambie aendelee vipi mpaka amwone.